Zamu ya Haki ni Dawa kwa Dereva wa Lori

Katika ukurasa huu wa afya tumezoea kuzungumza juu ya malaria, choo bora na chakula cha mtoto. Leo tutazungumza juu ya dereva wa lori. Usishangae. Kazi ya mtu ndiyo inayompa ugali, na kazi hiyo hiyo inaweza kumpa ugonjwa. Tutaona jinsi saa za kazi na zamu za safari zinavyoweza kumjenga dereva au kumbomoa. Tutaona pia jambo ambalo watu wengi hawalifikirii: nani anapewa safari ipi, na kwa sababu gani.

Malori na sisi

Sisi watu wa Nambambo, na Nachingwea yote, tunaishi kwa malori. Zamani haikuwa hivyo. Mwaka 1947 serikali ya Waingereza ilianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga. Mashamba yalifunguliwa Kongwa, Urambo na hapa Nachingwea. Ikajengwa reli ya kubeba mizigo kati ya pwani ya Mtwara na Nachingwea. Mpango wa karanga ulishindwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli hiyo ikang'olewa. Wazee wetu wanaikumbuka. Tangu wakati huo mzigo wetu hupita barabarani.

Leo korosho yako ikitoka shambani inakwenda kwenye chama cha msingi. Kutoka hapo inakwenda ghala kuu, na mnada unafanyika chini ya RUNALI, yaani chama kikuu cha ushirika cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Baada ya mnada malori huja kupakia. Mbolea, saruji, sukari na mafuta ya taa navyo vinaletwa na malori. Madini ya kinywe ya Ruangwa yanachukuliwa na malori. Kwa hiyo dereva akiumwa, au akisinzia kwenye usukani, hasara si yake peke yake. Ni yako wewe pia, na mwanao anayetembea kando ya barabara kwenda shule.

Tena, madereva wengi ni watoto wetu. Pengine wewe unayesoma una mtoto, mume au ndugu anayeendesha lori au aliye utingo. Soma habari hii, kisha umsomee.

Kukesha ni kama kulewa

Mtu mzima anahitaji kulala saa 7 au zaidi kila siku. Usingizi si uvivu. Wakati wa kulala mwili hujitengeneza. Moyo hupumzika, presha ya damu hushuka, na ubongo hupanga mambo yake. Asiyelala vizuri siku nyingi hupata presha kwa urahisi, huongezeka uzito, na anaweza kupata kisukari.

Wataalamu wamepima watu waliokesha. Wameona kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo anafanya makosa kama mtu aliyekwisha kunywa pombe. Akifikisha saa 24 bila kulala, makosa yake ni sawa na ya mlevi aliyepita kiwango cha pombe ambacho sheria yetu inamkataza dereva. Lakini huyu hanuki pombe. Askari akimsimamisha haoni kitu.

Sasa tufanye hesabu. Dereva ameamka saa 11 alfajiri. Amefika ghalani saa 1 asubuhi na kukuta foleni. Anasubiri kupakia mchana kutwa. Lori linajaa saa 12 jioni, naye anaambiwa aondoke mara moja kwenda Mtwara. Ikifika saa 4 usiku atakuwa amekaa macho saa 17. Bado yuko njiani, ana tani nyingi mgongoni, na mbele yake kuna miteremko. Mwenye mzigo anasema, "Huyu ameanza kazi saa 12 jioni." Hapana. Ameanza kazi alfajiri. Kusubiri si kulala.

Tena, mwili una saa zake. Kuanzia saa 8 usiku mpaka saa 12 alfajiri mwili wa kila mtu unataka kulala, hata wa yule aliyezoea kukesha. Kuna usingizi mwingine mdogo mchana, kati ya saa 8 na saa 10. Ajali nyingi za kusinzia hutokea saa hizo. Dereva anaweza kufumba macho kwa sekunde 4 tu bila kujua. Lori likiwa kwenye mwendo wa kilomita 60 kwa saa, katika sekunde hizo 4 litakuwa limekwenda zaidi ya meta 60 bila mtu wa kuliongoza.

Msimu mmoja wa korosho alikuja dereva kwenye zahanati, analalamika kichwa. Nilimpima presha nikakuta 170 juu na 110 chini. Presha ikifika 140 kwa 90 ni hatari, na yake ilikuwa imepita mbali. Nikamwuliza, "Kaka, mara ya mwisho umelala kitandani lini?"

Akajibu, "Juzi, dokta. Jana nimesinzia kidogo kwenye usukani walipokuwa wanapakia."

Nikamwambia apumzike siku hiyo. Akatikisa kichwa. "Mimi ni deiwaka. Gari si langu na zamu si yangu. Nikikataa safari hii, kuna wenzangu kumi wanasubiri getini."

Ndugu msomaji, nilikuwa na vidonge vya kumpa. Lakini ugonjwa wake ulikuwa na mzizi ambao kidonge hakiufikii. Mzizi huo ni zamu.

Nani anapewa safari ipi?

Katika kila kazi ya malori kuna safari nzuri na safari mbaya. Safari nzuri ni ya mchana, barabara ya lami, lori zima, na kurudi nyumbani kabla ya usiku. Safari mbaya ni ya usiku, barabara ya matope, lori bovu, au kukaa njiani wiki nzima. Wote hawawezi kupata safari nzuri. Sasa ni nani atakayepanga?

Mahali pengi anayepanga ni bosi au msimamizi. Akikupenda, unapata safari nzuri. Ukimpa chochote mkononi, unapata. Usipompa, unakesha. Mpango huu huleta chuki, rushwa na maradhi.

Mpango wa pili ni wa kufuata utangulizi kazini. Aliyeanza kazi zamani anachagua kwanza. Aliyeanza jana anachagua mwisho. Hapa bosi hawezi kupendelea, kwa sababu tarehe ya kuanza kazi imeandikwa na kila mtu anaijua.

Mfano wa Marekani

Nchi ya Marekani ina chama kikubwa cha wafanyakazi kinachoitwa Teamsters. Kiliundwa mwaka 1903, wakati mizigo ilikuwa ikivutwa na farasi. Mwaka 1964 kiongozi wake, Jimmy Hoffa, alifikia mkataba mmoja na kampuni nyingi za malori ya mizigo kwa nchi nzima. Katika kampuni zenye chama hicho, orodha ya safari hubandikwa ukutani. Dereva mwenye miaka 30 kazini anachagua kwanza: njia, saa ya kuondoka na siku ya kupumzika. Anafuata wa miaka 29. Huendelea hivyo mpaka wa mwisho.

Walio chini kabisa hawana safari ya kudumu. Hukaa wakisubiri simu. Simu inaweza kulia saa 3 asubuhi au saa 7 usiku. Dereva huyu hajui alale saa ngapi. Akilala mchana, pengine hataitwa usiku. Asipolala, ndipo anapoitwa.

Utaona basi kwamba mpango huu una pande mbili. Mzee wa kazi anaridhika. Anajua ratiba yake, analala kitandani kwake, anaijua sura ya wajukuu wake. Kijana analalamika. Anasema, "Mshahara si mbaya, lakini sina maisha." Wengine huvumilia kwa sababu wanajua kila mwaka watapanda ngazi moja. Wengine huacha kazi mapema.

Kuna jambo la tatu. Utangulizi huu hauhami. Mwaka 2023 kampuni moja kubwa ya malori ya Marekani, iitwayo Yellow, ilifilisika baada ya kudumu karibu miaka 100. Watu kama 30,000 walipoteza kazi, na kati yao kama 22,000 walikuwa wanachama wa Teamsters. Dereva aliyekuwa wa kwanza kwenye orodha ya Yellow, akienda kampuni nyingine, huingia kama mgeni. Anarudi kwenye safari za usiku akiwa na umri wa miaka 55 au 60. Mwili wa umri huo haukeshi kama wa kijana.

Madereva wa kwetu

Hapa kwetu vyama vya wafanyakazi vina historia ndefu. Mwaka 1964 wafanyakazi wote waliwekwa katika chama kimoja, NUTA. Mwaka 1978 ikaja JUWATA. Siku hizi kuna vyama vingi, na shirikisho lao ni TUCTA. Wafanyakazi wa uchukuzi na mawasiliano wana chama chao kiitwacho COTWU(T), na madereva nao wameunda vyama vyao.

Mwezi Aprili mwaka 2015 madereva wa mabasi na malori waligoma. Abiria walikwama Ubungo, Dar es Salaam, na miji mingine. Mwezi Mei mwaka huo huo wakagoma tena. Walipinga kulazimishwa kurudi darasani kila wanapotaka leseni mpya. Lakini kilio kingine kikubwa kilikuwa mikataba ya ajira. Madereva wengi walikuwa hawana karatasi inayoonyesha kwamba wameajiriwa.

Hapa ndipo tofauti ilipo kati ya dereva wa Marekani na deiwaka wetu. Yule wa kule anabishana juu ya nafasi yake kwenye orodha. Huyu wa kwetu hana orodha. Amefanya kazi miaka 8, lakini kwa kuwa hana maandishi, kila asubuhi ni kama ameanza leo. Hawezi kudai utangulizi, kwa sababu hana tarehe ya kuanza.

Tena wengi hulipwa kwa safari. Safari nyingi, posho nyingi. Usipoondoka, hakuna posho. Mwezi Mei mwaka 2024 kimbunga Hidaya kilileta mvua kubwa, na barabara ya kwenda Dar es Salaam ikakatika upande wa Somanga, wilaya ya Kilwa. Malori yakapanga foleni. Siku kama hizo anayelipwa kwa safari hapati kitu, na barabara ikifunguliwa anakimbia usiku na mchana ili kufidia. Hapo presha na ajali hukutana.

Sheria inasema nini?

Iko Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Mambo yake makuu juu ya saa za kazi ni haya:

1. Saa za kawaida za kazi ni 9 kwa siku na 45 kwa wiki.

2. Pamoja na saa za ziada, kazi isizidi saa 12 kwa siku.

3. Baada ya saa 5 za kazi mfululizo mfanyakazi apate mapumziko ya saa 1.

4. Kati ya kumaliza kazi na kuanza tena ziwepo saa 12 za kupumzika.

5. Kila wiki apumzike saa 24 mfululizo.

6. Kazi ya usiku, yaani kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, ina nyongeza ya malipo.

7. Likizo ya mwaka ni siku 28.

Sheria hiyo inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi. Inampa mfanyakazi haki ya kujiunga na chama. Utangulizi nao una thamani katika sheria. Mwajiri akimwachisha mtu kazi, bila ya mtu huyo kuwa na kosa, anatakiwa amlipe kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka aliotimiza, mpaka miaka 10. Aliyefanya kazi miaka 6 atapata mshahara wa siku 42. Lakini lazima miaka hiyo ijulikane.

Zamu iliyo ya haki

Je, tufuate utangulizi au tusifuate? Mimi nasema hivi. Aliyetangulia apewe heshima yake. Achague kwanza mwezi wa likizo. Achague kwanza lori na njia. Lakini asilale yeye kwa kumkesha mwenzake. Usingizi si zawadi ya wazee wa kazi. Ni chakula cha kila mwili.

Chama cha madereva kinapokaa na mwajiri kuandika mkataba wa hali bora, kinaweza kudai mambo haya:

Kwanza, orodha ya zamu ibandikwe mahali pa wazi angalau wiki moja kabla, ili kila dereva ajue alale lini.

Pili, safari za usiku zigawanywe kwa wote. Kijana asipewe za usiku mfululizo mwezi mzima.

Tatu, saa za kusubiri kupakia zihesabiwe kuwa ni saa za kazi.

Nne, safari ndefu iwe na madereva wawili, au dereva apate kulala njiani.

Tano, mshahara wa mwezi uwe wa kutosha, ili posho ya safari isimlazimishe mtu kukimbia.

Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba juu ya jambo hili mwaka 1979. Mkataba huo unasema dereva asiendeshe zaidi ya saa 4 mfululizo bila kupumzika, wala zaidi ya saa 9 kwa siku. Hayo ni makadirio mazuri ya kushika.

Wewe ufanye nini?

Kama wewe ni dereva, nunua daftari dogo. Umejifunza kuandika, tumia kalamu yako. Kila siku andika tarehe, saa uliyofika ghalani, saa uliyoondoka, saa uliyofika, saa ulizolala, na namba ya lori. Andika na jina la mwenye lori. Daftari hilo ni shahidi wako. Ukiwa na shauri mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, litakusaidia. Usichelewe: ukiachishwa kazi isivyo haki, peleka shauri ndani ya siku 30.

Ukipiga miayo mfululizo, ukisahau kilomita chache zilizopita, au gari likianza kupanda ukingo wa barabara, hizo ni dalili za usingizi. Kufungua dirisha na kuweka muziki hakusaidii. Egesha mahali salama nje ya barabara, ulale dakika 20. Kahawa husaidia kwa muda mfupi tu. Mirungi imekatazwa na sheria, nayo humdanganya mtu kwamba hajachoka. Usilale chini ya lori, kwa maana wengi wamekanyagwa. Beba chandarua, kwa sababu mbu wa Kilwa na Lindi hawachagui. Kunywa maji, usibane mkojo, shuka utembee. Pima presha na sukari kila upitapo zahanati. Kama unatumia dawa za presha, kisukari au virusi vya UKIMWI, beba za kutosha safari yote na siku za ziada.

Kama wewe ni mke, mama au jirani wa dereva, akirudi mwache alale. Usimpeleke shambani siku hiyo hiyo. Chumba cha bati kina joto mchana. Mtandikie chini ya mwembe pamoja na chandarua, na watoto wacheze mbali. Wageni wamsalimu akiamka.

Kama wewe ni kiongozi wa chama cha msingi au mwenye mzigo, andika foleni ya malori kwa namba, ili dereva ajue zamu yake na aende kulala badala ya kukaa macho akilinda nafasi. Pakia mchana. Lori likijaa jioni, mwache aondoke alfajiri. Korosho haiozi kwa usiku mmoja. Haraka haraka haina baraka.

Maswali ya kujadiliana darasani

1. Kwa nini kusubiri ghalani hakuhesabiwi kuwa ni kupumzika?

2. Utangulizi kazini una faida gani? Una hasara gani?

3. Katika kijiji chenu, zamu za kisima, za bodaboda au za wapakiaji ghalani hupangwaje? Je, ni za haki?

4. Je, kuna dereva au utingo nyumbani kwenu asiye na mkataba wa maandishi? Mtamsaidiaje aanze daftari lake wiki hii?